Mwezi wa Vitabu Vitatu

Mueni aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni, kama mtu anayeijua nyumba, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa imeongezwa vyumba vya kupangisha mpaka ua ukaisha. Ilikuwa siku ya nne ya maombi ya msiba wa kaka yangu Barasa, hapo kwake Umoja, na sisi wanawake tulikuwa tumekaa tukimenya viazi vya chakula cha jioni. Hakuna aliyemtambua ila mimi. Alikuwa amenenepa, nywele za mbele zimeingia mvi, na alivaa miwani yenye vioo vinene sana. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka thelathini. "Wifi," aliniambia, neno hilo moja tu, kisha akavuta kiti cha plastiki, akaomba kisu. Mjane wa kaka yangu, Mama Simiyu, aliniinamia sikioni akaniuliza huyu ni nani. Angeweza kunikasirikia kwa jibu langu, lakini hakunikasirikia. Nilimwambia huyu ndiye Mueni, mke wa kwanza. Mama Simiyu alimtazama kwa muda, akainuka, akaenda kumletea chai.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokwenda kukaa na hao wawili, Barasa na Mueni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, na Mueni alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Ilionekana jambo la maana kwamba niende nimsaidie kufua na kupika. Nyumba hiyo wakati huo ilikuwa na sebule, jiko dogo na chumba kimoja cha kulala. Mimi nililala sebuleni kwenye godoro lililosimamishwa ukutani mchana. Dirisha la sebule lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba tuliwasikia wakisonga ugali, na mwanga mzuri uliingia kwa saa chache tu, kati ya saa tatu asubuhi na adhuhuri. Ninaukumbuka mwanga huo kuliko nyuso nyingi nilizoziona baadaye, kwa sababu ndio tuliousomea.

Vitabu vilitoka kwa mwalimu aliyekuwa akikaa nyumba ya pili. Alihamishiwa Kitale, lori likajaa, akatuachia kiti kilichovunjika mgongo na katoni moja ya vitabu. Vingi vilikuwa vimetafunwa na panya. Vitatu vilifaa. Cha kwanza kilikuwa kitabu kinene cha afya, cha Kiswahili, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wanaokaa mbali na hospitali, chenye michoro ya watu wasio na nguo waliochorwa kwa adabu. Cha pili kilikuwa chembamba, cha Kiingereza, cha mazoezi ya viungo, chenye picha za mwanamume mwenye masharubu na kaptura nyeupe, akiinama na kuinuka kutoka ukurasa hadi ukurasa bila kutoa jasho. Cha tatu kilikuwa riwaya ya zamani, ya Kiingereza pia, iliyopoteza jalada na kurasa zote za mwanzo, kwa hiyo sikuwahi kujua jina lake wala la aliyeiandika. Ilihusu mjane katika nchi ya theluji aliyeachiwa kinu cha kusaga ngano, na mashemeji zake waliotaka kumnyang'anya.

Nilikuwa nikivisoma vyote vitatu mwezi huo mmoja, Februari, na sijawahi tena kusoma namna ile. Asubuhi, Barasa akishaondoka kwenda kazini, nilisoma cha afya peke yangu, ugonjwa baada ya ugonjwa, nikijipima kila mmoja. Baada ya kufua tulikaa na Mueni kwenye mwanga, nikamsomea riwaya, nikiigeuza Kiswahili papo hapo, maana Mueni aliacha shule darasa la nane na Kiingereza kilimchosha. Alikuwa amenizidi miaka mitatu tu. Aliipenda ile riwaya kwa namna iliyonishangaza. Aliwajadili wale mashemeji kama watu wa kwao Machakos. "Huyu mkubwa ndiye mbaya," alikuwa akisema huku akichambua mchele. "Mdogo anamfuata tu. Mjane angemwita mdogo peke yake, ampikie vizuri, waongee." Mahali nilipokosa neno la Kiswahili nilibuni, na mara mbili tatu nilibuni hata tukio zima, kwa kuwa ukurasa ulikuwa umechanika. Hakujua, au alijua akaniacha.

Kitabu cha mazoezi kilichukuliwa na Barasa. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa kukaa kutwa, na tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia. Alikifungua kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha. Kila asubuhi saa kumi na mbili aliniamsha, tukaliinua godoro langu, akakiegemeza kitabu kwenye mguu wa meza na kuanza kupiga pushapu akihesabu kwa sauti. Mueni alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, ameshika kiuno, akicheka bila sauti. Jumamosi Barasa alitembea mpaka Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, akarudi na maini ya mbuzi yamefungwa kwenye gazeti, kwa sababu kitabu chake kilisema maini yanajenga damu. "Wewe kula," alimwambia mkewe, akimsukumia vipande vyote. "Mtoto atoke na mkono kama huu." Ninayaandika haya ili ijulikane kwamba alikuwa mwema. Katika nyumba ile ndogo, mwezi ule, tulikuwa watu watatu waliopendana, na nikiulizwa wakati gani wa ujana wangu nilicheka sana, nitasema ni zile wiki mbili za mwanzo.

Wiki ya tatu pete ya Mueni ilikataa kutoka. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia. Vidole vilikuwa vimejaa, na uso asubuhi ulikuwa umefura chini ya macho, kama wa mtu aliyelia usiku kucha. Miguu kuvimba tulikuwa tumeizoea, kila mwanamke mjamzito wa ploti ile alivaa patipati za mumewe, kwani viatu vyake havikumwingia. Mama Kioko, jirani yetu wa ukuta wa dirisha, alimwangalia akasema ni mtoto wa kiume huyo, wavulana ndio wanaoharibu sura. Tulicheka. Lakini kichwa nacho kilikuwa kikimuuma. Alikifunga leso kwa nguvu, akanywa dawa, kikaendelea. Halafu siku moja nilipokuwa nasoma alinikatiza, akaniuliza kama jirani anachoma takataka, maana anaona kama kuna moshi. Hakukuwa na moshi.

Nilikuwa nimeshausoma ule ukurasa. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilikuwa nimeusoma wiki nzima kabla, kwa udadisi tu, na sasa nikaurudia nikiwa nimesimama jikoni huku maji yakichemka. Kichwa kisichoacha kuuma. Uso na mikono kuvimba. Macho kuona ukungu. Kitabu hakikuzunguka: mama wa namna hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri, maana anaweza kupata degedege, na akifa anaweza kufa na mtoto. Kulikuwa na mchoro wa mwanamke aliyelala, amefumba macho. Nilizima stovu. Nilikaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji, nikausoma tena, nikitafuta mahali panaposema labda.

Barasa aliporudi jioni nilimfuata nje alipokuwa akivua viatu, nikamwonyesha. Alisoma akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kiatu mkononi. Niliona uso wake ukibadilika, na niliona akiurudisha ulivyokuwa.

"Wewe ni daktari?" aliniuliza.

"Kaka, soma hapa. Ni yote matatu. Anayo yote matatu."

"Kliniki ni Alhamisi. Iko kwenye kadi yake. Juzi juzi si walimrudisha kwa sababu alienda siku isiyo yake? Akasimama kwenye jua bure?" Alikifunga kitabu. "Alhamisi ni siku tano tu, Nafula. Na kitabu chako, ukikisoma vizuri, hata wewe una kifua kikuu. Si ulituambia wiki jana una kifua kikuu?"

Nilikuwa nimesema hivyo, kweli, na tulikuwa tumecheka.

"Anakaa sana," aliendelea, sasa kwa upole. "Mtu akikaa, maji yanatuama miguuni. Imeandikwa kwenye changu. Atembee, damu izunguke. Nitakuwa natoka naye jioni." Kisha akanishika bega. "Na usimwambie. Ukimtia hofu, hofu yenyewe ndiyo itamdhuru. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nalala sebuleni kwake na nakula chakula chake, lakini hata kama ningekuwa kwangu ningesema vilevile. Alikuwa kaka yangu mkubwa. Sikuwa nimewahi kumwona akikosea jambo kubwa. Jioni hiyo na jioni mbili zilizofuata alitoka naye, wakaenda polepole wakipita maduka mpaka karibu na barabara ya Outer Ring na kurudi, yeye amemshika kiwiko. Mueni alirudi akihema, midomo imekauka, akaketi, na Barasa akapiga magoti akambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akalitazama shimo lililobaki. "Inashuka," alisema. "Naona inashuka." Nilimtazama yeye badala ya mguu. Alikuwa na hofu kuliko mimi, sasa naelewa. Alikuwa amechagua kitabu kilichompa kitu cha kufanya.

Jumapili baada ya kanisa Barasa alienda kumwona rafiki yake Buruburu. Mueni alikuwa amelala kochini, leso kichwani. Nikaichukua riwaya.

"Leo hapana," alisema. "Nisomee kile kikubwa. Kinasema nini juu ya mimba ya miezi minane?"

Ningeweza kusema kichwa kinaniuma mimi pia. Badala yake nilikileta, nikakaa chini karibu naye, nikafungua sura ya wajawazito. Nikamsomea juu ya mboga na maharagwe, nikamsomea kulala kwa ubavu wa kushoto, nikamsomea kiungulia na jinsi ya kukituliza. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha nikaufikia ule ukurasa, na kidole changu kikashika karatasi mbili pamoja, nikazigeuza, nikaendelea kusoma juu ya kuandaa nguo za mtoto na wembe mpya. Sauti yangu haikutetemeka. Nakumbuka nilijishangaa.

"Ndiyo yote?" aliniuliza nilipomaliza.

"Ndiyo yote."

"Basi," akasema, na akageukia ukuta.

Jumatatu nilienda sokoni nikakaa sana, nikijua kwamba nakaa sana. Jumanne, yapata saa nne asubuhi, tulirudi kwenye riwaya. Mjane alikuwa amekwenda kwa hakimu, akangojeshwa mlangoni. Mueni alisema kitu juu ya tumbo, hapa juu, chini ya mbavu, na nilipoinua macho niliona kichwa chake kimegeuka upande na kinaendelea kugeuka. Mwili ukakakamaa. Kikombe kilianguka. Halafu akaanza kutikisika, na mimi, ambaye nilijua jina la kilichokuwa kinamshika na nilijua kitatokea nini baada yake, nilimlaza ubavu kama kitabu kilivyosema, nikavuta meza mbali na kichwa chake, nikawa sina la kufanya tena. Hapo ndipo ujuzi wangu wote ulipoishia. Nilipiga ukuta wa dirisha kwa ngumi. Mama Kioko akaja, akashika mdomo, akakimbia kumwita mumewe, aliyekuwa dereva na kwa bahati alikuwa nyumbani na pikapu ya kazini. Njia nzima nilikaa nyuma nimempakata kichwa, nikimwambia nipo, nipo, na hakuwa akinisikia.

Mtoto alizaliwa mchana huo kwa upasuaji, msichana, na aliishi mpaka saa kumi na moja. Mueni alikaa siku nne bila kujua alipo. Barasa alikuja mbio kutoka ofisini, tai imegeukia mgongoni. Tulimkuta daktari kijana aliyechoka, akatuuliza kama mgonjwa alikuwa ameumwa kichwa, kama alikuwa na uvimbe, kwa muda gani. Nikafungua mdomo. Barasa akajibu kabla yangu. "Hapana, daktari. Imemjia ghafla tu." Daktari akaandika.

Tulipobaki kwenye benchi, Barasa aliongea akitazama sakafu. "Ile habari ya kitabu. Umemwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi iishie hapo."

Na ikaishia hapo. Hilo ndilo lililonilea, nikisema kweli, kuliko shule zote. Mwaka ule uliendelea kama miaka mingine. Mueni alirudi nyumbani, akatembea kwa kushika kuta. Jicho lake moja halikupona sawasawa. Katoni ya vitabu haikuwepo tena, sikuuliza ilikwenda wapi, na sijui mpaka leo yule mjane alishinda au alinyang'anywa kinu chake. Asubuhi hakukuwa na mtu wa kuhesabu pushapu. Tulikula tukisikia majirani wakila. Aprili matokeo yangu yalitoka, mazuri, na Barasa, ambaye hakuwa akinitazama usoni, alisema atanisaidia nisomee uuguzi, nina kichwa cha mambo hayo. Nikakataa. Akaniuliza kwa nini, nikasema naogopa damu. Nikasomea ukarani kama yeye. Agosti kaka yake Mueni alikuja kutoka Machakos, akanywa chai, akasema dada yake anahitaji kupumzika kwa mama yake kidogo. Mueni alibeba begi moja. Aliniaga kwa mkono. Tulijua sote watatu kwamba hatarudi, na tulisimama mlangoni tukizungumza juu ya mvua.

Miaka mingi nimejiambia maneno ya kujitetea. Kwamba nilikuwa mdogo. Kwamba nilisema, nilimwambia Barasa, na nilikatazwa. Barasa alioa tena, alizaa, alinisomeshea hata mwanangu mmoja, na hatukulitaja tena jambo lile, si siku ya arusi yake, si siku alipolazwa mwaka huu na mimi nikawa ninamlisha uji kwa kijiko. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono kwa muda mrefu, akanitazama, na nikadhani sasa atasema. Aliomba maji.

Kwa hiyo tulipobaki wawili jikoni, mimi na Mueni, wengine wamekwenda kupanga viti, nilijua kwamba sitapata nafasi nyingine. Niliweka kisu chini.

"Wifi, kuna jambo. Ile Jumapili, nilipokusomea…"

"Uliruka," alisema. Hakuacha kumenya. "Karatasi mbili. Nilisikia."

Nikaokota ganda lililoanguka sakafuni.

"Kesho yake ulipoenda sokoni nilikichukua. Nilikipeleka pale dirishani. Macho yalikuwa yameharibika, nilisoma neno moja, napumzika, neno moja, napumzika. Ulinichukua asubuhi nzima, ule ukurasa."

"Ulisoma wote?"

"Wote."

"Na hukusema."

Alikigeuza kiazi mkononi, akatoa jicho lake kwa ncha ya kisu. "Barasa alikuwa ameshasema ni kukaa sana. Na wewe ndiwe uliyekuwa na masomo. Nilijiambia, Nafula amekisoma hiki kabla yangu. Kama ingekuwa kweli, angeniambia."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita. Nilitamani anipige kofi, nilitamani alie, na hakufanya lolote, akakitia kiazi kwenye sufuria na kuchukua kingine. Nilimwambia nisamehe. Alisema alinisamehe kitambo, hata kabla hajaondoka, lakini kunisamehe hakukumsaidia kulala. Baadaye kidogo, bila kuulizwa, alisema, "Yule mtoto nilimpa jina. Hukujua. Barasa pia hakujua. Ndanu."

Nilikuwa nimepewa karatasi ya historia ya marehemu niisome kanisani kesho yake, maana katika nyumba yetu nimebaki mimi tu. Niliitoa mfukoni, nikamwuliza kama anataka nimtaje Ndanu. Alifuta miwani yake kwa pindo la leso, akafikiri. Huko nje Mama Simiyu alikuwa akiwaelekeza watu mahali pa kuweka turubai.

"Huyo mama ana yake ya kubeba," Mueni alisema. "Usimwongezee. Wewe ujue tu."

Kesho yake nilisoma. Kuzaliwa kwake, shule, kazi, ofisi aliyoitumikia mpaka akastaafu. Nilipofika palipoandikwa watoto wake nilisita. Sikuwa nimepanga kusita. Mueni alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, na kwa ile miwani yake sikuweza kujua kama ananitazama. Mzee wa kanisa alidhani kilio kimenizidi, akaniletea glasi ya maji. Nikanywa, watu wakinisubiri kwa huruma. Kisha nikayasoma majina yaliyoandikwa: Simiyu, Nekesa, Wanjala.